Tiketi ya mama ikatwe Moshi

Kila ikifika Septemba napigiwa simu na ndugu tulioko nao huku Uingereza, na swali ni lilelile: nauli ya Desemba kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikate kwa shirika la ndege lenyewe au kwa wakala? Kwa miaka mingi niliyokaa Birmingham jibu langu lilikuwa moja. Kata kwa shirika, achana na watu wa kati. Siku hizi nina majibu mawili, moja letu tulioko huku na jingine la wazazi wetu walioko nyumbani. Kilichonibadilisha ni jioni moja ya mwezi Machi, mama yangu akiwa amesimama kaunta ya KIA na tiketi niliyomnunulia mimi.

Alikuwa anakuja kumwona mjukuu wake. Nilikuwa nimeipata tiketi ile usiku, kwenye tovuti ya wakala wa mtandaoni, ikiwa pungufu karibu paundi tisini kuliko bei ya shirika. Nikalipa palepale. Kumbe zilikuwa tiketi mbili zilizowekwa pamoja: moja ya kutoka KIA hadi mji mmoja wa Ulaya, nyingine ya kutoka hapo hadi Birmingham kwa shirika ambalo halina makubaliano yoyote na lile la kwanza. Kwa tiketi ya namna hiyo begi halifiki mwisho wa safari. Abiria inabidi atoke, apite uhamiaji, achukue begi lake, kisha apange foleni upya kama mtu anayeanza safari. Mama alikuwa na viza ya Uingereza, lakini ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hakuwa nayo, na bila hiyo asingeruhusiwa kupita pale uhamiaji. Dada wa kaunta aliliona hilo mara moja, akamwambia kwa upole kuwa hawezi kumpandisha.

Fikiria mama wa miaka sabini na moja ametoka Kibosho tangu mchana, amesindikizwa na gari zima la ndugu, amebeba kahawa na unga wa ndizi kwa ajili ya mkwe wake. Nikapiga simu kwa wakala, nikazungushwa na sauti ya mashine dakika arobaini. Nikapiga kwa shirika, nikaambiwa tiketi ilitolewa na wakala, kwa hiyo mabadiliko yafanywe na wakala. Ndege ikaondoka. Saa tano usiku mama alikuwa amerudi nyumbani na begi lake, akanipigia yeye kunipa pole. Usiku ule sikulala.

Aliyetuokoa ni dada wa ofisi ndogo ya wakala mjini Moshi, si mbali na mnara wa saa. Shemeji yangu alimpeleka mama pale asubuhi iliyofuata. Yule dada kabla hajagusa kompyuta alifungua pasipoti, akasoma viza, akamwuliza mama kama amewahi kubadilisha ndege, kama magoti yanamsumbua, na huko anakokwenda atapokelewa na nani. Mimi mwanawe sikuwa nimemwuliza hata moja kati ya hayo. Akakata tiketi moja, begi likiandikwa KIA hadi Birmingham, akaomba kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma kule kwenye kubadilisha ndege. Huduma hiyo mashirika huitoa bila malipo, ila lazima iombwe mapema, na tovuti niliyotumia mimi haikuwa hata na mahali pa kuiomba nilipoweza kupaona. Akachukua ada yake ya huduma, akaandika namba yake ya simu nyuma ya karatasi, akamwambia mama, "Ukikwama popote, hata usiku wa manane, mpe mtu simu anipigie."

Sasa kwa sisi wa huku. Mimi bado nakata kwa shirika. Uingereza sheria ndiyo inayokaa kwenye kiti cha yule dada. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya paundi 100 na kisichozidi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 kinaibana benki yako pamoja na muuzaji. Shirika likifilisika unaidai benki. Ukipitia kwa wakala, uhusiano huo kati yako, benki na shirika unaweza kukatika. Halafu kuna fidia. Safari inayoanzia hapa na kuzidi kilomita 3,500, ukifika umechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika, unadai paundi 520. Na kama safari yote iko kwenye buking moja, kuchelewa kunahesabiwa pale unapoishia, yaani KIA, hata kama iliyochelewa ni ile ndege fupi ya kwanza. Ukiwa na tiketi mbili za kushonashona kama nilizomnunulia mama, hesabu hiyo huipati.

Na mwaka 2020, ndege zilipolala kwa sababu ya korona, wengi wetu tuliona tofauti kwa macho. Waliokata moja kwa moja walikuwa na mlango mmoja wa kugonga. Waliopitia kwa wakala wa mtandaoni walirushwa kama mpira, shirika likisema pesa iko kwa wakala, wakala akisema anaisubiri kutoka kwa shirika.

Kuna mahali ambapo hata huku wakala ana nguvu kuliko shirika: safari ya kifurushi, ndege na hoteli pamoja, yenye cheti cha ATOL, ile kinga ya Uingereza kwa wasafiri pale kampuni ya safari inapofilisika. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, mamlaka ya anga ya hapa iliwarudisha nyumbani watu wapatao 140,000. Lakini mtu anayekwenda kwao Machame kwa Krismasi hahitaji hoteli, kwa hiyo hilo kwetu linatugusa kidogo.

Nyumbani mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Mzazi wetu hana kadi ya mkopo. Ana simu yenye pesa ndani yake, na pengine hela ya kahawa iliyowekwa kwenye chama. Barua pepe ya shirika inayosema saa ya kuondoka imebadilika itamfikia nani? Mara nyingi itaangukia kwenye anwani ya mtoto aliyeko ughaibuni ambaye yuko kazini. Dada wa Moshi ataiona kwenye mfumo wake na atapiga simu Kibosho kabla ya jua kuzama. Anajua vilevile kwamba kuandika "Arusha" kwenye tovuti kunaweza kukuletea uwanja mdogo wa Kisongo, ARK, badala ya KIA ambayo ni JRO, na kwamba kati ya viwanja hivyo viwili kuna mwendo wa zaidi ya saa nzima barabarani.

Sisemi hivi kwa kuwa mawakala wa nyumbani wote ni waaminifu. Sisi watu wa Kilimanjaro tumekulia kwenye stendi, tunawajua wapiga debe. Desemba, watu wakiwa wanagombea kupanda kutoka Dar, kuna anayekukatia dirishani kwa kampuni na kuna anayekuuzia siti ambayo ndani ya basi ina mtu tayari. Kwenye ndege mchezo huo unachezwa kwa karatasi nzuri zaidi. Wakala anakushikia nafasi, anakuchapishia karatasi yenye jina lako na tarehe, anapokea fedha yote, halafu tiketi hakati. Nafasi ikipitiliza muda wake inafutika yenyewe kwenye mfumo. Unafika uwanjani na karatasi ambayo haimwambii mtu wa kaunta chochote.

Kwa hiyo wafundisheni wazazi jambo hili, na wadogo zenu wanaowasindikiza mjini. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, iliachana na tiketi za karatasi tangu tarehe 1 Juni 2008. Tiketi iko kwenye kompyuta ya shirika, na unachopewa mkononi ni nakala tu. Ile alama ya herufi na namba sita ni ya buking. Tiketi ina namba yake, tarakimu kumi na tatu, na tatu za mwanzo zinataja shirika: 074 ni KLM, 157 ni Qatar, 071 ni Ethiopian, 235 ni Turkish. Usitoke ofisini bila kuiona. Ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha wakala, fungua tovuti ya shirika lenyewe kwa simu ya mjukuu, weka zile sita na jina la mwisho lilivyoandikwa kwenye pasipoti. Safari ikitokea na tiketi ikionekana imetolewa, lipa salio ukanywe chai. Wakala mwaminifu hatakasirika kwa hilo. Anayekasirika, nyanyuka.

Na ninyi wenzangu wa ughaibuni, paundi tisini mnazookoa usiku kwenye tovuti msiyoijua zinalipwa na mtu mwingine, tena mtu mzima, kwenye kaunta, mbele za watu. Mimi sasa natuma nauli kwa simu, na ada ya wakala juu yake.

Mwezi uliopita mama alishuka mwenyewe mjini kwa daladala kukata tiketi ya kuja kwenye kipaimara. Jioni akanitumia picha ya karatasi. Nikahesabu tarakimu, zilikuwa kumi na tatu, nikaziingiza, safari yote ikatokea na kiti cha magurudumu kikiwa kimeombwa. Nilipompigia kumwambia kuwa kila kitu kiko sawa, akanijibu, "Najua, mwanangu. Nimeshaiangalia palepale ofisini."