Acheni kumuuliza ataiacha lini dozi

Kama nyumbani kwenu yupo kijana anayekunywa methadoni, dawa ya kumtibu aliyezoea heroini, na ametulia, mwacheni anywe. Msimuulize kila Ijumaa ataimaliza lini. Msimpigie mfano wa mwenzake aliyetoka soba, nyumba ya kuachia unga, na sasa "hatumii chochote". Nayasema haya nikiwa Glasgow, Uskoti, ambako nafanya kazi kwenye duka la dawa na kila asubuhi watu huja kuinywa dawa hiyo mbele ya macho yangu. Kwetu Unguja ninaye mdogo wangu, tumbo moja, anayeinywa hiyo hiyo. Inaniuma kuona watu wanaompenda ndio wanaomsukuma aiache kabla ya wakati wake.

Huku inakwenda hivi. Mtu anaingia, tunamjua kwa jina, tunamwita kwenye chumba kidogo cha pembeni. Dawa ni maji ya kijani, mazito kidogo, yana sukari nyingi lakini uchungu wake haufichiki. Tunaimimina kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa, anapewa maji juu yake, kisha tunazungumza naye maneno mawili matatu. Mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi, maana aliyeificha dawa mdomoni hawezi kuzungumza sawasawa. Jumamosi, kwa sababu Jumapili tunafunga duka, anaondoka na chupa ya siku ya pili. Ramadhani, Waislamu wachache tulionao humwomba daktari awaandikie ya kuchukua nyumbani ili wanywe baada ya futari, na akiridhika nao huwaandikia. Halipi mtu senti. Uskoti dawa zote za kuandikiwa na daktari ni bure tangu 2011. Akikosa siku tatu mfululizo hatumpi tena mpaka aonwe upya, kwa sababu mwili umeanza kuizoea hali ya kutokuwa nayo na dozi ile ile ya juzi inaweza kumuua.

Hakuna anayemsema. Hakuna anayemwambia "bado tu?". Wapo wanaokuja kwa miaka mingi, wanatoka hapo wanakwenda kazini au kuwapeleka watoto skuli.

Watu wa nyumbani husema amebadilisha ulevi tu. Jamani, heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Zikipita saa chache mwili unaanza kudai, na aliyewahi kulala nyumba moja na mtu mwenye arosto hahitaji kuelezwa: miayo isiyokwisha, machozi na kamasi, vinyweleo vimesimama katika joto la kaskazi, tumbo limeachia, miguu inapiga mateke kitandani usiku kucha. Mtu aliye katika hali hiyo haibi kwa starehe. Anaiba ili aweze kusimama. Methadoni huingia taratibu na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Ikipimwa vizuri haimpi stimu, inamwondolea arosto, na kichwa chake kinapata nafasi ya kufikiri jambo jengine lisilokuwa kete inayofuata.

Sisi tuliyaona. Mali ya nyumba iliondoka kidogo kidogo: pasi, mtungi wa gesi, bangili za mama, mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya banda la uani. Mama alikuwa analala na funguo za kabati kifuani. Mdogo wangu alipitishwa kila njia ambayo familia zetu huanza nayo. Alinyweshwa kombe, akasomewa, akapelekwa shamba Makunduchi kwa shangazi ili awe mbali na wenzake, pakawa na mipango mpaka ya kumuozesha mke, kana kwamba binti wa watu ndiye dawa. Sina neno na kisomo, mimi mwenyewe namuombea. Lakini kumtwika msichana wa miaka ishirini mzigo uliowashinda watu wazima kumi wa ukoo ni dhulma, na bado nasikia familia nyengine zikiipanga harusi kama hiyo.

Halafu soba. Nyumba za soba za Unguja zilianza 2009, zikiendeshwa na watu waliopita humo wenyewe, kwa mpango wa hatua kumi na mbili wa kuacha ulevi. Zimeokoa wengi na naziheshimu kwa moyo wote. Wapo waliotoka huko na leo ni mafundi, ni maimamu, ni baba za watu. Mdogo wangu naye alikaa. Akatoka amenawiri, mashavu yamejaa, mtaa mzima ukamshangilia. Baada ya muda akarudi maskani, kwenye unga.

Hapo pana jambo ambalo laiti kila mzazi angelijua. Siku ya kutoka ndiyo siku ya hatari. Mwili umeshasafika, kipimo alichokuwa akikihimili zamani sasa kinamzidi nguvu, yeye anakumbuka kile kile. Wengi hufa wakati huo, wamekutwa chooni au kwenye banda. Ni hivyo hivyo kwa anayetoka Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya kwetu, na Glasgow ni hivyo hivyo kwa anayetoka jela. Ndiyo sababu nasema dawa si udhaifu. Anayeendelea kunywa dozi yake mwili wake unabaki na kinga hata siku akiteleza. Anayeharakishwa kuacha kwa sababu ya maneno ya barazani anaikosa kinga hiyo, na hamu ya unga bado haijaondoka.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na 2015 ikafika kwetu, Kidongo Chekundu. Kila Mzanzibari anajua Kidongo Chekundu ni hospitali ya maradhi ya akili. Kuonekana pale getini kila asubuhi ni mtihani kwa mtu ambaye heshima yake imeshavunjwa mara nyingi. Mdogo wangu alikuwa anasita. Aliyemsaidia ni mjomba. Miezi ile ya mwanzo alimpakia nyuma ya vespa yake, akampeleka, akamsubiri kwenye kivuli na gazeti lake, akamrudisha. Hakupita vichochoroni. Alipita njia kubwa, mbele ya baraza za watu, akitoa salamu. Baada ya muda watu wakazoea, maneno yakapungua, na kijana akaanza kwenda mwenyewe kwa daladala.

Huku sijamuona mjomba.

Watu wetu wakisikia Ulaya hudhani mambo yote yamekaa sawa. Mwaka 2020 Uskoti, nchi ya watu milioni tano na nusu hivi, walikufa kwa dawa za kulevya watu 1,339. Mwaka 2023 walikuwa 1,172. Na hii ni nchi ambayo dawa ya matibabu ni bure, sindano safi ni bure, na tangu Januari 2025 Glasgow ina The Thistle, nyumba ambayo mtu anaweza kuingia na unga wake akajidunga chini ya uangalizi wa wauguzi ili asife. Sababu za vifo hivyo ni nyingi. Watu huchanganya heroini na vidonge bandia vya usingizi na kokeini. Miaka ya karibuni zimeingia nitazeni, dawa za kutengenezwa maabara ambazo chembe tu yake inaua. Upo umasikini wa mitaa iliyofungiwa viwanda tangu zamani. Na upo upweke, ambao mimi nauona kwa karibu kuliko vyote hivyo.

Bwana mmoja wa makamo huja mapema, anakunywa dawa yake kwa dakika moja, kisha anabaki dukani robo saa akisoma maandishi ya visanduku vya dawa ya kikohozi. Hanunui. Siku moja aliniambia kwamba tangu jana nilipomuaga hajazungumza na mtu mwengine yeyote. Anarudi chumbani kwake kwenye ghorofa, anafunga mlango, mpaka kesho. Mtu kama huyo akizidiwa usiku, nani atamgeuza ubavu? Nani atapiga simu? Mdogo wangu akikohoa tu, mama amefika mlangoni, na nyuma ya mama wapo wengine.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema dawa ya kijana kama huyu ni "kumtoa nje ya nchi". Tumewaona waliotolewa. Nyumba hawana, ndugu hawana, lugha hawana, na unga upo. Sehemu ya heroini ya Afghanistan hupita baharini mwetu ikija huku Ulaya. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ndani ya jahazi moja tu karibu na pwani ya Kenya. Anayeukimbia unga Mombasa au Unguja kwa kuja Glasgow ameufuata unakokwenda.

Kile ambacho ningependa tukichukue kutoka huku ni namna wanavyoihudumia familia yenyewe. Lipo shirika zima, Scottish Families Affected by Alcohol and Drugs, ambalo kazi yake ni mama, baba, mke na watoto wa mtumiaji. Mzazi anapiga simu, anasikilizwa, anafundishwa namna ya kuzungumza na mwanawe bila ya matusi na bila ya kumpa pesa za kete, anakutanishwa na wazazi wenzake. Kwetu mama yangu alibeba miaka yote hiyo peke yake. Hakuna aliyemkalisha akamwambia maradhi ya mwanawe yanakwendaje, kwamba kuanguka tena ni sehemu ya njia kwa wengi, kwamba hakulea vibaya. Shinikizo la damu lilimpata humo humo. Watu wa kumzunguka walikuwepo tele, kila mmoja na ushauri wake, na ushauri wenyewe ulikuwa ama mfunge au mfukuze.

Wingi wetu ni nguvu, lakini unahitaji kuelekezwa. Mwaka jana mdogo wangu aliniandikia: "Dada, nataka nipunguze dozi, nimechoka kuulizwa." Hakusema anajisikia yuko tayari. Hakusema daktari amemshauri. Amechoka kuulizwa! Nilimpigia tukazungumza mpaka usiku wa manane wa huku, nikamwambia kupunguza ni jambo la kupanga yeye na daktari wake, taratibu, kwa miezi, siku maisha yake yatakapokuwa yamesimama, na kama siku hiyo isipofika basi aendelee. Kisha nikaandika kwenye kundi la ukoo, kwa adabu lakini bila ya kuficha, kwamba anayemtakia mema asimtajie tena habari ya kuiacha. Ami mmoja alinuna. Wengine waliuliza maswali ya maana, na hapo ndipo nilipoona kuwa tatizo si ubaya wa roho. Hawakuwahi kuelezwa.

Jengine ni nalaksoni. Hii ni dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini ndani ya dakika chache, mtu aliyeacha kupumua akapumua tena. Ipo ya sindano na ipo ya kupuliziwa puani. Uskoti ilianza mpango wa taifa wa kuwapa watu waende nayo majumbani 2011, na familia inaweza hata kuletewa kwa posta. Kumfundisha mtu kuitumia ni kazi ya dakika kumi. Nawafundisha akina mama wa Kiskoti hapa kaunta na wanaiweka kwenye mikoba yao pamoja na funguo. Nguvu yake huisha upesi kuliko ya unga wenyewe, kwa hiyo bado gari la wagonjwa lazima liitwe na mtu asiachwe peke yake. Sijakutana bado na mama wa Unguja, wa Tanga wala wa Mombasa aliyenayo mkobani. Kama wapo wakubwa wa afya wanaosoma hapa, hili ndilo ningewaomba kabla ya majengo na kabla ya semina: wapeni wazazi nalaksoni, kwa sababu wao ndio wanaokuwepo chumbani.

Na sisi tunaotuma pesa. Ukiulizwa hela ya matibabu, lipa nyumba ya soba au kliniki moja kwa moja, na pesa ya nauli mpe mtu wa kwenda naye. Methadoni Tanzania ni bure, lakini daladala si bure, na anayetakiwa kufika kila siku hushindwa kwa nauli tu. Mtumieni pia mama, nje ya pesa ya matumizi ya nyumba, apate kwenda kupima presha yake.

Mwezi ujao mama yangu atakwenda na mwanawe kwa daktari, wakae wote watatu. Nimemwandikia mambo ya kuuliza, na wenye jamaa kama wetu wanaweza kuyachukua. Je, dozi inamfikisha mpaka asubuhi ya pili au arosto inaanza alfajiri? Kama inaanza, iongezwe. Ni vidonge gani vya usingizi au vya maumivu asichanganye nayo? Akianzishiwa dawa za kifua kikuu itakuwaje, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huimaliza methadoni mwilini haraka na arosto ikarudi hata kama hajaruka siku? Na mama akimkuta usiku anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki, afanye nini kwanza, na ampigie nani?