Simu Yangu Ilivuka Mpaka Bila Mimi

Nakaa Mpondwe, Uganda, upande huu wa mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Tunasikia jogoo mmoja, tunanunua vitenge soko moja, ila kwa saa wenzetu wako nyuma yetu saa moja nzima. Hilo nalijua tangu utotoni. Naomba ukumbuke kwamba nalijua.

Mpwa wangu alikuwa anaposa Kampala, mitaa ya Kisenyi. Wakwe walishasema hawafungui barua yoyote mpaka mjomba mtu atamke kwa kinywa chake kwamba kijana ni wetu na tabia zake ni njema. Mjomba mwenyewe ndiye mimi, na Kampala kutoka huku ni kushinda ndani ya basi kutwa nzima, na samaki wangu wa chumvi hawajifungulii duka wenyewe.

"Mjomba, usihangaike," mpwa akaniambia. "Tutakuweka kwenye video. Saa nne kamili."

Nikanunua bando la GB 2. Bando letu, kama hujui, limebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile ya shilingi 200 kwa siku tuliyokuwa tukilipa ili tuingie WhatsApp. Kwa hiyo lile duara linalozunguka kwenye kioo cha simu nalihesabu kuwa sehemu ya mali yangu. Nimelilipia.

Asubuhi hiyo nilivaa kanzu na koti. Nyumbani kwangu ni bondeni chini ya bati, mtandao unaingia kama mgeni anayedaiwa: anachungulia, anatoka. Nikashuka kuelekea mtoni, kwenye kibanda cha Mama Chai. Ghafla vijiti vya mtandao vikajaa vyote! Sijawahi kuviona vyote pamoja tangu ninunue simu ile. Papo hapo ukaingia ujumbe wa Kifaransa. Kifaransa changu kinaishia bonjour, nikajua ni wale wa bahati nasibu. Nikaufuta.

Nikatazama saa ya simu: saa tatu kasoro dakika ishirini. Ah, nafasi tele! Nikazima data ili bando lisivuje, nikaagiza roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, na chai ya tangawizi. Nikala taratibu kama mtu asiye na deni. Nikaagiza nyingine.

Redio ya Mama Chai ikatangaza saa nne kamili.

"Redio yako imeharibika," nikamwambia.

"Baba, hiyo ni redio ya Kasese. Imeharibika vipi?"

"Inakimbia. Saa hizi ni saa tatu." Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akaita bodaboda mmoja aliyekuwa akifuta pikipiki pembeni. Kijana akaishika, akaigeuza, akaanza kucheka mpaka akaketi chini.

"Mzee, simu yako iko Kongo. Imekamata mtandao wa ng'ambo, na saa imeibeba ya kule."

Chai ilinipanda puani. Nikawasha data: hakuna kitu, maana bando la Uganda halivuki mto. Kijana akanirudishia mtandao wa nyumbani kwa mkono. Vijiti vikaanguka vyote, kikabaki kimoja, na pembeni yake herufi E, ule mtandao wa zamani unaotambaa. Anayeijua E hahitaji maelezo. Asiyeijua, aendelee kumshukuru Mungu.

Kando ya barabara yalikuwa yamepanga foleni malori ya kungoja forodha. La karibu lilikuwa na magunia ya chumvi ya Katwe. Nikapandisha kanzu hadi magotini nikapanda juu ya magunia, utu uzima wangu wote, huku Mama Chai akinishikilia viatu. Juu kule 3G ikatokea. Nikapiga video.

Kabla haijafunguka, mpwa akanipigia simu ya kawaida. "Mjomba, uko wapi?" Sasa simu yangu hii haijui kula na kuongea: ikipokea simu, video inakufa. Nikakata, nikapiga video. Akapiga tena. "Mjomba, mbona hupatikani?" Mara nne, wallahi. Kila akiuliza kwa nini sipatikani, ndivyo anavyonifanya nisipatikane.

Mwishowe tukaonana. Wazee wa Kisenyi wamejipanga mkekani, sura zao vipande vipande kama vigae. Mzee mmoja akauliza habari za kijana. Nikakohoa, nikatamka kwa sauti ya heshima: "Wazee wangu, huyu si mlevi, si mwizi, na hana deni la mtu."

Kimya. Mkono wa mtu ukaenda kwenye kilemba. Baadaye nikaja kuambiwa kilichofika kule: "Wazee wangu, huyu... mlevi... mwizi... deni la mtu."

Nikataka kurudia, lori likaunguruma. Foleni imesogea! Nikakumbatia gunia kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, nikipiga kelele "Simamisha!", na Kisenyi nao wakaisikia hiyo vizuri kabisa, bila kukatika hata herufi. Dereva aliposimama, vijiti vilikuwa vimejaa tena. Bonjour.

Jioni mpwa akapiga simu. Msemaji wetu alizima moto, barua imefunguliwa. Ila upande wetu umetozwa faini mbili, ya kuchelewa na ya kumchafua bwana harusi, shilingi laki moja kila moja, na zote ni zangu. Nikaketi palepale bondeni, chini ya bati, kijiti kimoja na E yake, nikatuma pesa kwa simu. Hiyo haihitaji data. Sijashusha kidole, ujumbe ukarudi: zimepokelewa.

Mpwa naye akaandika: "Asante Mjomba. Wakwe wanauliza, siku ya harusi maikrofoni atashika nani mwingine?"