Mchezo wa ridhaa? Ridhaa ya nani?

Siku ya mwaka mpya 2026 tulikuwa kwa rafiki yangu mmoja hapa Indianapolis, pilau imeiva, kachumbari ipo, watoto wanakimbizana chini besimenti, na kwenye TV ni futiboli ya vyuo ya Kimarekani, chuo cha Indiana wanamfanyia Alabama kitu ambacho hata mimi shabiki wao nilianza kuona aibu. 38-3. Rose Bowl, robo fainali ya ubingwa. Alabama! Sasa pale sebuleni kuna mzee mmoja wa Kikenya, tunamwita Baba Shiro, kabla ya kuhamia huku kaishi Birmingham, Alabama miaka kumi na kitu, na ile kofia yake nyekundu haivuliwi hata mezani. Mechi ikiwa ishaharibika kabisa akaweka sahani chini, akavua kofia (nadhani ndo mara ya kwanza naona kipara chake), akasema: "Kijana wangu, hii si mpira tena. Hii ni mnada. Tangu hawa watoto waanze kulipwa hakuna usawa."

Usawa.

Nilinyamaza kwa sababu ni mzee, na kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nimeshameza.

Usawa upi jamani? Tuhesabu wote. Kuanzia msimu wa 2006 mpaka 2022 ni misimu 17, na ubingwa mara 13 ulienda konferensi (ligi ya kundi la vyuo) moja tu, SEC ya kusini. Alabama peke yake 6, yote ya kocha Saban. Ulipokuja mtoano wa timu nne, kuanzia msimu wa 2014, misimu kumi ile bingwa alitoka vyuo sita tu, wakati vyuo vya daraja la juu viko zaidi ya 130. Hao wengine walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanajaza ratiba. Na sikumbuki mtu yeyote wa Birmingham akivua kofia kulilia usawa. Kilio kimeanza lini? Msimu wa 2023 kachukua Michigan, 2024 Ohio State, 2025 Indiana, wote wa konferensi ya Big Ten, watu wa kaskazini wenye baridi yao, na ghafla kusini yote imekuwa na wasiwasi juu ya mustakabali wa mchezo. Haya.

Na Indiana wenyewe msiwachukulie poa. Hii ni timu iliyokuwa inaongoza kwa kufungwa katika historia ya daraja la juu, yaani rekodi ya vipigo ilikuwa yao. Ubingwa wa Big Ten mara ya mwisho ulikuwa 1967. Mwaka 2023 walimaliza 3-9, yaani kushinda tatu kufungwa tisa. Mashabiki walikuwa wanakuja Bloomington, mji wa chuo, kuchoma nyama kwenye parking halafu wengine uwanjani hata hawaingii, nyama ilikuwa tamu kuliko mechi. Miaka miwili baadaye 16-0, fainali wanampiga Miami 27-21 palepale Miami. Sasa mnaniambia ushindani umekufa?

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana watu wanapita haraka sana.

Zamani bei ya mchezaji ilikuwa moja kila mahali: skolashipu, chakula, kitanda. Wakaita mchezo wa ridhaa. Ridhaa ya nani? Nani aliwauliza wale madogo? Lakini tuache uchungu kwanza, tuangalie hesabu. Kama Alabama anakupa skolashipu na Indiana anakupa skolashipu ileile, we dogo wa nyota tano, daraja la juu kabisa la vipaji, unaenda wapi? Unaenda kwenye kombe, kwenye TV, kwenye njia ya NFL, ligi ya kulipwa. Bei ikiwa sawa kwa wote mwenye jina anachukua kila kitu, hiyo hata muuza nyanya anaijua. Na zile hela ambazo hawakuruhusiwa kumpa mchezaji hazikulala benki, zilienda kwa kocha, zikajenga majumba ya mazoezi, ambayo nayo yakavuta madogo zaidi, mzunguko ukaendelea.

Halafu ukifika Tuscaloosa, kwao Alabama, unakuta mbele yako kuna dogo mwingine wa nyota tano, na mbele yake kuna mwingine. Unasugua benchi. Ukitaka kuhama, sheria inakwambia kaa nje mwaka mzima usicheze. Kwa hiyo Alabama hawakuwa na kikosi tu, walikuwa na ghala. Mtu ambaye angekuwa mfalme pale Vanderbilt, wanyonge wa SEC, yuko mwaka wa tatu anashika chupa ya maji na kupiga makofi. Silaha yenyewe haikuwa wale wanaocheza, ilikuwa wale wanaokaa, kwa sababu kila anayekaa kwako hachezi kwa mwenzio. Hilo Baba Shiro aliliona kwa macho yake miaka kumi, akaliita utamaduni wa ushindi.

2021 ikavunja ghala. Mwezi wa nne wakaruhusu mchezaji kuhama mara moja bila kukaa nje. Mwezi wa sita Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapiga NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, 9-0 kwenye kesi ya Alston ya kuwabania wachezaji malipo ya masomo, tisa kwa sifuri, hata majaji ambao hawakubaliani saa ngapi hapo walikubaliana. Tarehe 1 Julai mchezaji akaruhusiwa kula jina lake mwenyewe, yaani kulipwa na watangazaji. Na tangu Julai 2025, baada ya makubaliano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, chuo chenyewe kinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja, kikomo mwaka wa kwanza dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Matokeo yake yule wa benchi ana swali jipya: nikae hapa nikipiga makofi, au niende mahali nikacheze na nilipwe? Wanaondoka. Ndo maana Vanderbilt, ndiyo hao hao Vanderbilt, waliwapiga Alabama 40-35 mwezi wa kumi 2024 Alabama wakiwa namba moja, mashabiki wakang'oa goli wakaenda kulitupa mtoni. Ndo maana Fernando Mendoza, dogo ambaye wakubwa walimpita, alikuwa karibu aende Yale, akacheza California, akahamia Bloomington kuongoza Indiana, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Ile ya fainali siwezi kuacha kuisema. Robo ya nne, jaribio la nne, Cignetti, kocha wa Indiana, kamtoa mpiga teke nje akarudisha kikosi, sote tumesimama, na Mendoza ambaye si mkimbiaji kabisa, anakimbia kama mtu aliyebeba friji, anapita katikati, anagongwa huku anagongwa kule, anajirusha. Yadi 12. Tachidauni. Kijana wa Miami, dhidi ya Miami, mjini Miami. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, hajui hata mpira una pembe ngapi, alipiga kelele.

Kazini kwetu kwenye ghala (ghala la kweli hili, la maboksi) zamu ya usiku kuna kaka mmoja Mmarekani alicheza futiboli ya chuo kabla ya mambo haya, chuo sikitaji. Saa tisa usiku, mapumziko, sisi tunakula, yeye anaenda kwenye friji kuchukua mfuko wa barafu anaufunga gotini kwa plastiki ileile tunayofungia mizigo. Kila siku. Aliwahi kunisimulia kwamba jezi yenye namba yake ilikuwa inauzwa duka la chuo pale nje ya bweni, na siku moja akaingia akaishika akaangalia bei, akairudisha kwa sababu hakuwa na hela ya kununua namba yake mwenyewe. Alicheka akinisimulia. Mimi sikucheka. Kwa hiyo mtu akiniambia mchezo ulikuwa msafi kabla ya hela namuangalia tu goti.

Na hela zenyewe zilikuwepo siku zote, chini ya meza. SMU, chuo cha Texas, walifungiwa msimu mzima wa 1987 kwa kulipa wachezaji. Mchezaji Reggie Bush alirudisha Heisman 2010 kwa sababu ya vijizawadi, wakaja kumrudishia 2024 kama mtu anayerudisha sufuria aliloazima. Na SMU? Msimu wa 2024 matajiri wao wamelipa mchana kweupe, wakaingia kwenye mtoano, watu wakapiga makofi. Kosa lao lilikuwa kuwahi tu.

Halafu kocha Jimbo Fisher aliahidiwa na Texas A&M zaidi ya dola milioni 75 mwaka 2023 ili AONDOKE. Asifundishe. Hapo usawa haukudhurika.

Na wanaosema wachezaji wanaohamahama wameua uaminifu: Pac-12, konferensi iliyoanza 1915, ilisambaratishwa na viongozi wa vyuo wakifukuzia hela za TV, wakabaki Oregon State na Washington State wanatazamana. UCLA sasa yuko ligi moja na Rutgers wa New Jersey. Mchezaji gani alifanya hivyo?

Mtoano wa timu 12 nao una mambo yake. Sina ugomvi nao sana, ila msidanganyike kuwa uliletwa kwa ajili ya wanyonge. Ohio State msimu wa 2024 walipigwa na Oregon, wakapigwa nyumbani 13-10 na Michigan ambaye hakuwa na kitu mwaka ule, enzi za zamani hapo ungekuwa nyumbani unaangalia katuni, lakini wakaingia kama namba 8 wakabeba kombe. Tajiri kapewa nafasi ya kukosea mara mbili. Ila pia Florida State ya 2023, 13-0 halafu wakaachwa nje, leo isingewezekana. Na timu nne za juu kupumzika raundi ya kwanza kumegeuka laana, mwaka wa kwanza wanne wote waliopumzika walipigwa, msimu wa 2025 watatu kati ya wanne. Endeleeni kupumzika.

Na kabla hamjaniambia hela inanunua kombe: Texas Tech wana bilionea wao Cody Campbell, hela za mafuta, walijenga kikosi kwa pochi, wakachukua Big 12 kwa mara ya kwanza, sawa. Walipokutana na Oregon 23-0. Sifuri.

Sasa kuna kitu kimoja nakubali, na nakubali kwa kinyongo. Cignetti alipokuja Indiana alitoka James Madison, chuo kidogo zaidi, na alibeba wachezaji zaidi ya kumi wa James Madison. Wengi tuliowashangilia ni wa pale: Ponds, yule aliyenasa pasi ya kwanza kabisa ya Oregon nusu fainali akaipeleka mpaka ndani, Aiden Fisher (si yule kocha), Kamara, Sarratt. James Madison wakajikusanya upya, wakaingia mtoanoni wenyewe msimu wa 2025, wakapigwa 51-34 na Oregon, na kocha wao naye keshachukuliwa na UCLA. Unalea, unanyonyesha, mtoto akianza kutembea anakuja mjomba na gari.

Na Sarratt kabla ya James Madison alianzia Saint Francis, kachuo kadogo Pennsylvania. Mwezi wa tatu 2025 Saint Francis walitangaza wanatoka Divisheni ya Kwanza, wanashuka mpaka ya Tatu. Hawawezi. Nilisoma hiyo habari nikiwa nimevaa jezi ya Indiana, sikuwa na la kusema. Kwa hiyo ndiyo, katikati ya meza pamefunguka, Indiana na Vanderbilt wamepata viti, lakini wale wa mwisho wa meza wamesukumwa wakaangukia sakafuni, na Baba Shiro angesema hivyo badala ya kulilia Alabama tungekula pilau kwa amani.

Hakusema. Juzi baada ya fainali kanipigia simu, nikajua anataka kunipongeza, mzee muungwana. Tumesalimiana vizuri, kauliza watoto, kauliza barafu imeyeyuka barabarani kwetu, akakohoa.

"Sasa kijana wangu, wewe unafuatilia haya mambo. Huyo Mendoza, Alabama hawawezi kumchukua?"

Nikamwambia mzee, huyo anaenda NFL.

Kimya. Nasikia kijiko kinakoroga chai.

"Na kwenye hiyo potali ya wachezaji wanaohama kuna wengine wamebaki? Wewe niangalilie."