Nimelipa Dola Ili Nioge Nje

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kuwaeleza madereva wa malori na wenye mizigo kwa nini kiasi walichoambiwa Mombasa sicho watakacholipa mpakani. Maandishi madogo yanayowekwa chini kabisa ya karatasi nayajua kuliko ninavyoyajua majina ya wajomba zangu. Ndiyo sababu yaliyonikuta mwezi uliopita nimeyaficha kazini, na ninathubutu kuyaandika hapa kwa kuwa madereva, ninavyowajua, hawasomi jambo linalozidi mistari 3.

Chanzo ni mke wangu, Mama Nabwire. Tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa, nami nilikwisha kuandaa sherehe ya heshima, yaani mbuzi mmoja, majirani, na kreti 4 za soda. Mwenzangu akaninyooshea simu. Palikuwa na picha ya hoteli mpya ya kifahari iliyofunguliwa juzi tu katika kisiwa cha Bugala, huko visiwa vya Ssese: mnazi umeinama juu ya mchanga mweupe, na chini yake mama mmoja wa Kizungu anacheka peke yake na dafu. Nilimweleza kwa upole kwamba Ssese ni visiwa 84 vilivyomo katika Ziwa Viktoria, ambalo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na halina chumvi hata ya kutia kwenye yai, na kwamba minazi ninayoifahamu mimi iko Mombasa, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa tulipokaa. Alinijibu kwamba hata siku ya harusi yetu nilibishana na mpiga picha. Mjadala ukafungwa.

Bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa ilikuwa dola 95 kwa usiku. Nilikubali haraka, na hilo ndilo kosa ambalo nisingemsamehe mteja wangu yeyote. Chini yake, kwa maandishi ambayo ningehitaji miwani ya pili kuyasoma, palielezwa kuwa bei hiyo ni ya kila mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Kitanda ni kimoja, chandarua ni kimoja, lakini kila mmoja anailipia nusu yake kana kwamba yule wa pili amepita kusalimia tu. Kisha usiku usipungue 2, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha asilimia 5 ya huduma. Palikuwa pia na punguzo la uzinduzi la asilimia 15, ila lilikuwa la wanaolala Jumatatu hadi Alhamisi, yaani la watu wasio na kazi, ambao sijui dola wanazitoa wapi. Nilichukua kikokotoo changu cha ofisini, kile ninachowaliza nacho wenye magari ya mitumba, nikapata dola 467 na senti 40, ambazo kwa shilingi 3,700 kila dola ni shilingi 1,729,380. Nilikokotoa mara ya pili nikitumaini kwamba kikokotoo kimechoka.

Kulipa kwenyewe kulikuwa kazi nyingine. Kadi ya benki ilikataliwa bila maelezo, nikaambiwa nitume pesa kwa simu, nikatuma, nikaambiwa nipige picha ya ujumbe wa kutuma, nikapiga, kisha nikatakiwa nipige picha ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, pande zote 2 ili nithibitishe kwamba mimi ni mwananchi. Nilipouliza uraia wangu unahusiana nini na kitanda, nikajibiwa kwamba zile dola 95 ndizo bei ya wenyeji, na mgeni wa mbali hulipa zaidi. Mama Nabwire alisema tumeokoa pesa. Sikutaka kujua kikokotoo cha kichwani mwake kimetengenezwa wapi.

Safari yenyewe haikuwa na neno. Tulilala Kampala kwa shemeji, asubuhi tukashika barabara ya Masaka, tukavuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, ambapo vijana humimina maji kwenye karai kuwaonyesha wageni yanavyozunguka, kwa malipo, na tukafika Bukakata. Kivuko cha kutoka Bukakata kwenda Luku ni cha bure. Nasema bure, gari na watu. Kwa mtu wa forodha hiyo ni hali ya hatari: nilimfuata mfanyakazi mmoja wa kivuko kutoka mwanzo wa sitaha hadi mwisho nikimsihi anitajie ada mapema ili isinishtukize ng'ambo, mpaka Mama Nabwire akanivuta shati na kunikalisha.

Bugala ni kisiwa kizuri, sitakisingizia. Lakini mnazi wa kwenye picha haukuwa mnazi. Kisiwa hicho kimepandwa michikichi kwa maelfu ya hekta, ile ya kukamuliwa mafuta ya kupikia, na mmoja wake, tena uliokonda, ndio ulioachwa uinamie mchanga wa hoteli. Anayesubiri dafu chini ya mchikichi namtakia subira njema.

Kijana wa mapokezi alituinamia akasema, “Jambo!” Nilimjibu kwa sarufi kamili kwamba hatujambo, tunashukuru, na yeye je, hajambo, na wazazi wake nao hawajambo? Alitazama karatasi yake ya mafunzo, akaona haifiki huko, akatuletea sinia. Juu ya sinia palikuwa na vipande 2 vyeupe, virefu kiasi, vinafuka moshi, na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu Masaka niliona wazi kwamba ni muhogo uliochemshwa. Nilikishika changu nikakifikisha karibu na meno ndipo Mama Nabwire aliponipiga kofi la mkono. Kilikuwa kitambaa cha kufutia uso. Baada ya hapo tulivalishwa mikanda ya plastiki isiyofunguka, na nilipoitazama ile namba iliyochapwa juu yake nikaelewa sasa kontena hujisikiaje likishapigwa sili. Mama Nabwire, aliyekuwa amevaa gomesi, lile gauni la heshima la Kiganda, aliloshonewa kwa harusi ya mpwa wake, aliegemea nguzo kwa madaha ili nimpige picha, na alipoondoka mistari 3 ya vanishi iliondoka naye, kwa maana hoteli ilikuwa mpya kiasi kwamba nguzo zake zilikuwa bado hazijakauka. Yule kijana akatuambia neno ambalo baadaye tulilisikia kwa kila jambo: “Ni sehemu ya tajriba, mama.”

Sasa niwaeleze chumba, maana hapo ndipo roho yangu ilipoumia. Nimezaliwa kijijini karibu na Majanji, kwenye ufuo wa ziwa hilihili, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Tulioga nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa matete usio na paa, tukisimama juu ya mawe, na ukichelewa kuoga mpaka giza liingie unaoga na vyura. Nilipopata kazi niliapa kwamba watoto wangu hawataoga hivyo, na mwaka 2019 nilikopa shilingi milioni 6 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo ili bafu liingie ndani ya nyumba, lenye vigae na dari. Mkopo huo bado ninaulipa. Kijana akafungua mlango wa chumba chetu cha kifahari, na nikaiona: kuta za udongo uliolainishwa, paa la nyasi, na nyuma yake, akipaonyesha kwa mkono kama mtu anayemtambulisha bibi harusi, ua wa mianzi usio na paa, na mawe chini.

“Bafu la wazi chini ya nyota, mzee.”

Nilimuuliza la ndani liko wapi. Alicheka kwa adabu.

Niliingia humo saa 12 jioni. Maji yalikuwa ya moto, nakiri, na sabuni ilinukia mchaichai. Nilipokwisha kujipaka povu kichwani nilisikia kitu kikikwaruza juu, nikafuta jicho moja, nikamwona tumbili ameketi juu ya ukingo wa mianzi, mikono imekunjwa tumboni, ananitazama kwa utulivu wa mzee wa kanisa. Nilimpigia kelele, hakuondoka. Nilimrushia maji, alisogea hatua moja, akakaa tena, na sasa akamwita mwenzake. Nimekwisha kukaguliwa na maofisa wengi maishani mwangu, lakini kila mmoja alikuwa na karatasi ya kuniidhinisha. Kisha mvua ikanyesha, kwa ghafla ya mvua za ziwani, nikawa naoga maji ya moto kwa bega la kushoto na ya baridi kwa la kulia, huku tumbili wale wakihamia chini ya nyasi za paa langu, mahali pakavu, na kuendelea kunitazama. Taulo lilikuwa limetundikwa nje pia. Lilikuwa limelowa kuliko mimi.

Chakula cha jioni kilianza kwa kionjo, ambacho katika orodha kilielezwa kwa mistari 4 kuwa ni samaki wadogo wa ziwa waliokaushwa kwa jua la Ikweta. Sahani ilikuja kubwa kama usukani wa lori. Katikati yake, mmoja akimwegemea mwenzake, palikuwa na mukene 4. Niliwahesabu mara 2, kwa mazoea ya kazi. Mukene, hawa dagaa ambao nyumbani tunawachanganya kwenye chakula cha kuku, kwa dola 9. Mama Nabwire alikula mmoja kwa uma, kidogo kidogo, akafumba macho akasema ladha yake ni tofauti. Kilichofuata ni kuku wa luwombo, ndani ya jani la mgomba, na huyo sitamsema vibaya, isipokuwa kwamba tuliletewa jani kubwa na kuku mdogo, na mama yangu hufanya kinyume chake.

Saa 4 usiku taa zote zilizimwa. Umeme ukikatika Busia mtaa mzima hupiga kelele, na kesho yake kila mtu anamtukana anayestahili. Hapa ulizimwa kwa makusudi, ili tuzione nyota, na wageni wakapiga makofi. Ukweli nadhani ni usubi wa ziwani, ule unaopanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, maana kabla ya kuzima ulikwisha kuifunika taa ya mezani na kuanguka ndani ya chai yangu kama majani ya pili. Usubi huo hauumi, najua, nimekua nao. Ila nilipokuwa nimelala katika giza lile nikiusikiliza ukigonga chandarua nilikumbuka somo la historia, kwamba mwaka 1909 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wa visiwa hivi kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Wale waliondolewa kwa amri, sisi tumeingia kwa risiti.

Siku ya pili niliitumia kuketi. Bwawa la kuogelea lilikuwa linasubiri fundi wa pampu, na ziwani Mama Nabwire hakutaka kuingia kwa sababu ya kichocho, ambacho mganga wa zahanati yetu amemwonya nacho kwa miaka mingi. Kijana alituwekea viti viwili vya kulalia na kutuhakikishia kwamba kuyatazama maji nako ni sehemu ya tajriba. Runinga hakuna, intaneti hakuna. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuhesabu michikichi yote inayoonekana kutoka kitini na kukadiria ushuru wake.

Hesabu ya mwisho ililetwa ndani ya kikapu cha ukindu, pamoja na pipi 2. Mukene dola 9. Chai, pamoja na usubi, dola 4. Na mwishoni palikuwa na mchango wa kuhifadhi viumbe wa kisiwani, dola 5 kwa kila mgeni. Niliuliza ni viumbe gani. Kijana akanyoosha kidole juu ya paa la mapokezi, na hapo alikuwa ameketi yule mkaguzi wangu, mikono tumboni. Nililipa. Mtu aliyekwisha kukuona katika hali ile huwezi kubishana naye mbele za watu.

Tuliporudi Busia nilimpigia mama simu, kwa kuwa nilikuwa sijamjulisha tumefika. Aliniuliza tulikokwenda kukoje, nami nikamweleza yote bila kuongeza: nyumba ya udongo, paa la nyasi, tunaoga nje juu ya mawe mvua inatunyeshea, taa hakuna, dagaa wanne kwa watu wawili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Mama Nabwire yuko karibu, na nilipomwambia hayupo, akasema, “Mwanangu, kazi imeisha na hukutaka kuniambia?”

Nilijaribu kumweleza habari ya tajriba, lakini salio langu lilikwisha. Baada ya nusu saa ujumbe uliingia kwenye simu: mama amenitumia shilingi 30,000. Nilizitoa kwa wakala wa jirani, zikakatwa ada ya kutoa na ile kodi ya nusu asilimia, shilingi 150, na safari hii sikusoma maandishi madogo. Zilizobaki Mama Nabwire alizipeleka sokoni, akarudi na nyanya, unga, na kopo zima la mukene. Aliwakaanga wote. Kisha akatafuta sahani yetu kubwa kuliko zote, ile ya Krismasi, akaniwekea 4 katikati.