Tarehe 14 jioni

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, Nairobi inageuka foleni. Juzi nimekaa dakika arubaini kwenye kituo cha mafuta kule Ngara, bodaboda zinajipenyeza mbele yangu kama siafu, kwa sababu usiku ule bei mpya ilikuwa inatangazwa na kila mtu ana tetesi zake. "Buda, jaza tanki, kesho inapanda!" Ikashuka. Mimi nimeshajaza.

Tangu Desemba 2010 serikali ndiyo inayotuwekea kikomo cha bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwanauchumi Hayek aliandika mwaka 1945 kwamba bei ni habari: hubeba maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi, ambayo afisa mmoja mezani hawezi kuyakusanya. Kwetu habari hiyo hutoka mara moja kwa mwezi, kama mshahara. Vituo viwili vinatazamana barabarani, bei ile ile hadi senti ya mwisho. Nani atanigombania mimi mteja?

Najua, kabla ya hapo wenye mafuta walitukamua vilivyo, na soko lilikuwa la wachache. Sawa. Lakini huyu anayejiita mlinzi wangu ndiye aliyepandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, kisha ushuru wa barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka uliofuata. Mlinzi gani huyu, mkono mmoja umeshika rungu, mwingine uko mfukoni mwangu?

Na barabara ya mtaani kwetu ina mashimo ambayo bata wanaogelea.