Laptop yangu haina ugonjwa

Kila nikifungua laptop hapa Mtwara mjini, lazima mtu aulize: "Hiyo Windows gani?" Nikisema si Windows, ni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, macho yanamtoka. Eti ya wadukuzi! Jamani, Linux ipo tangu 1991, na hata hiyo Android aliyoishika mkononi imejengwa juu ya Linux. Mimi naandika barua, naangalia mpira, basi.

Kero yenyewe iko steshenari. Juzi nimepeleka hesabu za korosho kwenye flashi, nimeziandika kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Kufunguliwa tu kwenye kompyuta yao, jedwali limepinda, safu ya kilo imemwagikia ukurasa wa pili. Kijana wa kaunta: "Kaka, kompyuta yako mbovu." Nikamwonyesha PDF ya hesabu zilezile, ikatoka imenyooka. Hata pole hakusema, ila ukurasa uliopinda kanilipisha.