Maua Yakauke Kwanza

Chupa yangu ya kwanza ya mafuta ya kalendula, ua la rangi ya chungwa ninalotengenezea marhamu ya ngozi, niliimwaga yote. Nilichuma maua, nikayaanika siku 3, nikayaona yamesinyaa na kuwa mepesi, nikayatia kwenye mafuta. Wiki mbili baadaye kulikuwa na utando wa ukungu juu yake na harufu ya kuvunda. Nililia, sioni haya kusema. Miezi ya kupalilia na kumwagilia ilikuwa imeishia shimoni.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba marhamu hutengenezwa wakati wa kukausha. Watu hubishana kuhusu mafuta ya zeituni na ya alizeti, au nta iwe kiasi gani, ilhali hayo yanarekebishika. Nta ikizidi, unayeyusha upya na kuongeza mafuta. Unyevu ukishaingia, umeharibu.

Kinachodanganya ni kitako cha ua. Petali hukauka upesi kivulini, lakini kile kitako cha kijani kinachozishika huficha maji ndani. Wengi hukitupa na kunyofoa petali tu, kwa kuwa ndizo zinazopendeza. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiguse asubuhi umande ukishakauka: vidole vinanata. Ule utomvu ndio tunaoulimia. Kichwa kizima kitumike, ila kisubiriwe. Mimi hukivunja kwa kucha. Kikikatika kwa mlio, kiko tayari. Kikipinda, kinarudi kwenye ungo. Mara nyingi huchukua wiki mbili.

Kulima hakusumbui. Mbegu zifukie kama sentimita moja, zitaota ndani ya wiki mbili, na baada ya miezi miwili hivi maua yanafunguka. Kadiri unavyochuma ndivyo yanavyozidi kuja. Hakikisha tu ni *Calendula officinalis*, maana wengi huichanganya na tagetes, ua jingine la bustanini, kwa sababu ya rangi. Mbegu za kalendula zimejipinda kama mwezi mwandamo, za tagetes zimenyooka kama sindano.

Maua makavu yajaze chupa, mafuta yayafunike kabisa, yakae wiki 4 hadi 6, kisha uchuje kwa kitambaa. Kwa mililita 240 za mafuta natia gramu 30 za nta ya nyuki. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, kwa hiyo bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto linatosha. Futa bakuli chini kabla ya kumimina, mvuke usije ukadondoka ndani ya mkebe.

Kwa sababu hiyohiyo napinga kuongeza ute mbichi wa shubiri kwenye marhamu. Ute huo karibu wote ni maji, na maji ndiyo makao ya vijidudu. Shubiri ipake ikiwa mbichi, peke yake.

Je, inafaa kitu? Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wanawake 254 waliopata mionzi ya saratani ya matiti. Waliopaka marhamu ya kalendula hawakuungua ngozi vibaya kama waliopaka krimu nyingine ya ngozi, ya trolamini. Ile ilikuwa marhamu ya kiwandani, si ya jikoni kwangu, kwa hiyo siahidi mtu uponyaji. Yangu naipaka kwenye mikono iliyokauka, visigino vilivyopasuka na midomo. Kidonda chenye kina au ngozi iliyoungua sasa hivi sipaki, kwa sababu mafuta hufungia joto na uchafu ndani. Na yeyote anayedhurika na maua ya jamii ya alizeti ajipake kidogo ndani ya kiwiko, asubiri siku nzima.

Hivi sasa nina nyungo mbili kivulini, siku ya 11. Petali zinavunjika kama karatasi kavu. Vitako bado vinapinda, na mafuta yanasubiri.